Laptopu ya Serikali Iliyofia Usingizini

Mimi sina wivu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wa mji huu wana maneno. Tena nina cheti, kimepigwa muhuri na Waziri mwenyewe, kinasema kwamba mimi, Mwinyihija Kobelo, Karani Daraja la Pili, nimepimwa na kukutwa sina wivu wa aina yoyote, alama mia kwa mia. Kiko ukutani, kwenye fremu. Kaeni niwaeleze nilivyokipata.

Jina la nchi yetu silitaji, kwa sababu kulitaja nje ya saa za kazi kunahitaji kibali. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina wizara arobaini na moja, na ina Pumziko la Taifa. Mwasisi wetu alipenda kulala baada ya chakula cha mchana, basi akaliweka jambo hilo kwenye Katiba, Ibara ya Nne: kila siku, saa saba hadi saa nane mchana, mtumishi na kila kifaa cha Serikali vitalala. Kengele ikilia, makarani wanalala juu ya meza, madereva wanalala juu ya usukani, na mashine zote zinalazwa. Kulazwa, siyo kuzimwa. Ibara ya Tano inakataza kabisa kuzima kitu cha Serikali, kwa kuwa Mwasisi alikuwa mwoga wa giza. Hizo ibara mbili zishikeni vizuri.

Mimi nipo Idara ya Kumbukumbu za Mafanikio. Nimeandika mafanikio ya nchi hii kwa kalamu ya wino miaka ishirini na miwili. Daraja lililojengwa, nimeliandika. Lililoanguka, nimeliandika kwamba limejengwa tena. Mwandiko wangu umenyooka, herufi zimesimama kama askari wa gwaride, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuusifu. Nilichokuwa nasubiri ni kimoja tu: kiti cha dirishani. Kile cha kuzunguka, chenye magurudumu. Mkurugenzi aliyestaafu aliniahidi. Aliyemfuata naye akaniahidi. Nikangoja.

Basi bwana, akaletwa Nusura Kihiyo. Msichana wa miaka ishirini na saba, katoka chuoni, hata vumbi la faili halijamjua. Akapewa kiti cha dirishani siku ya kwanza. Siku ya pili ikaletwa laptopu, kompyuta mpakato ya kwanza na ya pekee ya Wizara, imebebwa na watu wanne. Nusura akaambiwa aandike humo Kitabu cha Mafanikio ya Miaka Hamsini, kitakachosomwa siku ya Jubilei. Mimi nikaambiwa niwe nampa tarehe akizisahau.

Sina wivu, lakini hebu fikirieni. Tarishi aliyekuwa ananiletea chai mimi kwanza, sasa anapita mbele yangu na chai inafuka, anampelekea yeye. Wageni wakiingia wanaisalimia laptopu. Ilishonewa kitambaa cha kufunika chenye maua. Mimi koti langu lina kiraka tangu uchaguzi wa tatu! Na lililoniuma zaidi ni kwamba huyo binti hakuwa na ubaya. Kila asubuhi, "Shikamoo Mzee Kobelo." Akija na maandazi kutoka kwao ananikatia nusu. Ningempata na kiburi ningeshukuru, ningekuwa na pa kushika. Yeye ananiuliza, "Mzee, ule mfereji wa kusini ulizinduliwa mara ngapi?" Namwambia mara sita. Anacheka, anaandika, anasema, "Bila wewe ningefanya nini." Roho inaniuma kuliko jino.

Wiki nane kabla ya Jubilei, Serikali ikatoa waraka kwamba kila kitu nchini kisasishwe. Milingoti ikapakwa rangi, wimbo wa taifa ukaongezwa beti mbili, wastaafu wakapigwa picha mpya. Na laptopu nayo ikawa imeonyesha ujumbe kwenye kioo kwamba kuna sasisho linasubiri. Wizara nzima ikashtuka kwa furaha. Ikaundwa kamati ya maandalizi. Ikaletwa bendi ya polisi, zikafungwa turubai, akaja mgeni rasmi, Mheshimiwa Sengasenga, Waziri wa Kumbukumbu na Mafanikio, amevaa suti nyeupe.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "yapo mataifa yanasasisha mitambo yao kwa siri, kwenye vyumba vya nyuma, kama watu wanaokula peke yao. Sisi tunasasisha hadharani! Wanaotuonea wivu waje waone. Leo tunabonyeza, na historia itaandika kwamba tulibonyeza!"

Akabonyeza. Bendi ikapiga. Kioo kikaonyesha asilimia moja, tukapiga makofi. Asilimia mbili, makofi. Itifaki ilitutaka tupige kila asilimia, na Waziri asikae mpaka shughuli iishe. Ilipofika thelathini na saba ikaganda dakika hamsini. Bendi ilirudia wimbo uleule mpaka mpiga tarumbeta akakaa chini na viatu akavua. Mheshimiwa akasimama palepale, jasho linamtiririka, anatabasamu kwa ajili ya picha. Saa sita na nusu ikatimia mia. Vigelegele! Nusura akapewa shada la maua. Nilimpigia makofi mimi pia, ya polepole.

Saa saba kengele ikalia. Nusura akafunika kioo, taa ndogo ya pembeni ikakonyeza kama kawaida, tukalala. Saa nane alipofunua, feni ilikuwa inanguruma, kioo cheusi, na maandishi meupe: Tatizo limetokea. Ikajiwasha upya yenyewe. Kurasa arobaini za Kitabu hazikuwepo.

Mtauliza, kwani hakuzihifadhi? Kuhifadhi andiko la Serikali kunahitaji fomu yenye saini tatu, na saini ya tatu ilikuwa ya Mheshimiwa, naye alikuwa amesimama kwenye asilimia. Nusura alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu, mfereji wote umekwenda," akasema.

Nilifurahi. Siwezi kuwadanganya. Nilifurahi mpaka nikajiogopa, nikaenda chooni nikacheka huku nimefungua bomba la maji.

Kesho yake ikafa tena. Keshokutwa vilevile. Ukiiacha wazi inafanya kazi vizuri, unaandika, unapiga hesabu, haina neno. Ukiilaza tu, inafia usingizini, na chote kisicho na saini tatu kinakwenda nayo. Ikaundwa Tume ya Uchunguzi wa Usingizi wa Kompyuta, wajumbe kumi na saba, mmoja wao amewahi kuiona kompyuta.

Tume ilifanya kazi, tusiwaonee. Siku tatu waliilaza ikiwa imechomekwa umeme. Ikafa. Siku tatu wakailaza imechomolewa. Ikafa. Wakaandika ripoti ya kurasa tisini kwamba umeme hauhusiki, au unahusika. Wakaleta godoro dogo la sponji. Wakaigeuza itazame upande wa Ikulu. Wakaleta daktari bingwa wa usingizi, akaweka kipimo juu ya mfuniko, akafumba macho akasikiliza.

"Inakoroma," alisema daktari.

"Hiyo ni feni, daktari," Nusura akamwambia.

"Binti, nani amesomea usingizi hapa?"

Ikaletwa kwaya ya akina mama wa Wizara ya Afya, wakaiimbia wimbo wa kubembeleza watoto. Wajumbe sita wa Tume walilala. Laptopu ikafa kwenye kiitikio.

Siku moja Nusura alisimama mbele ya Tume akasema taratibu kwamba maradhi yalianza saa ileile ya sasisho, hivyo yawezekana sasisho ndilo lenye kasoro, liondolewe irudi ilivyokuwa. Mheshimiwa akavua miwani.

"Unataka Serikali irudi nyuma?"

"Hapana Mheshimiwa, ni kompyuta tu."

"Mimi nilisimama kwa muda wa saa nne kwa ajili ya sasisho lile! Miguu yangu ilivimba kwa ajili ya taifa hili! Andikeni kwamba sasisho halina kosa. Na andikeni jina la aliyeuliza."

Sasa nisikilizeni hapa. Jumamosi ya wiki hiyohiyo binti yangu Mwanahamisi, anayesoma ualimu, alikuja analia. Kalaptopu kake ka mtumba, aina ileile ya ile ya Wizara, kamepokea sasisho, na sasa akikafunika kanakufa. Nikamchukua mtoto na mashine yake hadi kwa Gervas, fundi wa simu mwenye kibanda nyuma ya soko la ndizi.

Gervas aliitazama mara moja tu. "Hii imesasishwa juzi, siyo mzee?"

"Juzi."

"Zinakuja nyingi. Ndani kuna kiprogramu kinachosimamia kioo. Sasisho limeleta kipya, na mashine za aina hii hazipatani nacho, zikilala zinashindwa kuamka. Unarudisha kile cha zamani. Hicho kimoja tu."

"Na sasisho lenyewe?"

"Linabaki palepale, hulitoi. Angalia." Akabonyeza hapa na pale, akaniambia niandike hatua zote, nikaziandika kwa mwandiko wangu. Dakika tatu. Akakafunika, tukanywa soda, akakafunua. Kakaamka na barua ya Mwanahamisi ikiwa palepale, neno kwa neno.

Mnaona? Ilikuwa dawa isiyorudisha Serikali nyuma hata hatua moja. Hata Mheshimiwa asingekuwa na la kusema. Kikaratasi kilikuwa mfukoni mwangu Jumatatu, nilipoingia ofisini. Nakumbuka nilikishika njia nzima.

Nusura alikuwa amekaa kwenye kile kiti, macho mekundu. Akanikatia andazi. "Mzee Kobelo," akasema kwa sauti ya chini, "Ijumaa Tume inafunga uchunguzi. Wasipopata sababu, watanipata mimi. Nimeshasikia wanataja Kituo cha Mpakani."

"Usiseme hivyo."

"Mama yangu nitamwachia nani? Wewe ni mtu mzima, umeona mengi kuliko hawa wote. Huna unachokijua? Hata kidogo?"

Kikaratasi kiliniwasha kwenye mfuko. Nilifungua mdomo, Wallahi nilifungua. Halafu akaegemea nyuma, na kile kiti kikazunguka kidogo, kwa ulaini, kwenye jua la dirishani. Miaka ishirini na miwili nakitazama kiti kile.

"Mimi nijue wapi, mwanangu," nikasema. Andazi nikalila.

Ijumaa Tume ikasoma uamuzi wake. Baada ya kuchunguza umeme, godoro, upande wa Ikulu na kwaya, ilibaki sababu moja tu. Mheshimiwa alisimama akaisoma mwenyewe: "Kompyuta hii inafanyiwa wivu! Kuna jicho. Na jicho hilo haliko nje ya nchi, maana huko tumeshawalaani wakakoma. Liko humu ndani ya Wizara!"

Nilihisi kiti kimepotea chini yangu. Watu kumi na saba waliokosea kila kitu kwa wiki nne, wamekwenda kwa kupapasa gizani mpaka wameniwekea mkono begani.

Tukagawiwa Fomu ya Wivu, maswali arobaini, ijazwe kwa kiapo. Swali la kwanza: Je, umewahi kuitazama kompyuta ya Serikali kwa jicho lisilofuata utaratibu? Hapana. Swali la tano: Je, chai ya mwenzako ikipita, moyo wako hufanya nini? Hufurahi. Nilijaza maswali yote arobaini bila kufuta hata neno. Wizara nzima ilijaza hivyohivyo, watu mia mbili na kumi na wanne ambao hawajawahi kumwonea mtu wivu tangu wazaliwe.

Isipokuwa mmoja. Jumatatu Mheshimiwa alitukusanya, ameshika fomu moja kwa ncha za vidole.

"Swali la kumi na mbili linauliza: Je, yupo mtumishi mwenzako unayemwonea wivu? Mtaje. Nusura Kihiyo amejibu, nanukuu: Ndiyo. Namwonea wivu Mzee Kobelo. Ana mwandiko ambao mimi sitaupata hata nijifunze miaka kumi, na anachokikumbuka yeye hakihitaji umeme. Natamani siku moja niandike kama yeye."

Watu wakaguna. Nusura alikuwa ameinamisha kichwa, ameona haya kama mtu aliyefumaniwa anasali. Nami nimekaa, masikio yanalia. Mwandiko wangu. Miaka ishirini na miwili, na mtu wa kwanza kuusifu ni huyu, na kaandika kwa kiapo.

Nikanyoosha mkono. Mkono ulinyooka wenyewe.

"Naam, Mzee Kobelo," alisema Mheshimiwa. "Unataka kusema jambo?"

Kikaratasi kilikuwa mfukoni. Watu mia mbili walinigeukia. Nikamwona Nusura ananitazama kwa matumaini.

"Nashukuru, Mheshimiwa," nikasema. "Nilitaka kushukuru tu."

Wakapiga makofi. Nusura alihamishiwa Kituo cha Mpakani cha Kuwapokea Wanaorudi Nchini, ambacho kwa miaka tisa kimepokea mbuzi wawili. Aliondoka na sanduku moja. Pale mlangoni alisema, "Shikamoo Mzee, kiti hicho kina kishikio upande wa kushoto, ukikivuta kinashuka."

Mimi nikapata cheti, kiti cha dirishani na laptopu. Lakini laptopu ilifia usingizini siku hiyohiyo saa saba, kama kawaida yake. Wanasheria wa Serikali wakakaa, wakapata ufumbuzi: kifaa kinachoguswa mara kwa mara hakijalala, ila kwa kuwa hakifanyi kazi, kimepumzika, hivyo Katiba haijavunjwa. Atafutwe mtumishi wa kukigusa, asiye na chembe ya wivu. Vyeti vikapekuliwa. Nikateuliwa Mwamshaji Mkuu wa Taifa.

Sasa kila siku kengele ikilia, Wizara nzima inalala, na mimi nakaa dirishani nabonyeza kitufe kimoja kila baada ya dakika mbili. Mara thelathini kwa Pumziko. Ibara ya Nne nimesamehewa, kwa saini tatu. Sijalala mchana tangu hapo. Tarishi analala mdomo wazi. Mheshimiwa analala ofisini kwake, mkoromo wake nausikia kupitia ukutani, mzito, wa raha. Nawatazama wote. Kha! Sikujua kwamba mtu anaweza kuuonea kijicho hata mkoromo wa mwenzake.

Dawa ninayo, kikaratasi bado kipo. Lakini nikiitumia leo, swali la kwanza litakuwa: Ulijua tangu lini? Na Jubilei haijafika, maana Serikali imetangaza kwamba miaka hamsini itatimia Kitabu kitakapokuwa tayari. Tuko mwaka wa arobaini na tisa, mwezi wa kumi na tisa.

Jana imekuja barua kutoka mpakani. Nilidhani nimejiandikia mwenyewe. Herufi zimesimama, zimenyooka, mkia wa kila g umekunjwa ninavyoukunja mimi. Anajifunza, mtoto yule. Hana kazi huko, ana muda. Aliandika hivi:

"Mzee wangu Kobelo, shikamoo. Mama yuko nami, hajambo. Huku mchana tunalala vizuri, kuna upepo. Kituoni wana mashine kama ile yetu, nayo ilikuwa inafia usingizini baada ya sasisho. Nimehangaika nayo miezi minne, nimekwama, nimeanza upya, hatimaye nimeipata dawa. Ni kiprogramu kimoja tu cha kioo, na sasisho linabaki. Nimekuandikia hatua zote hapa chini. Mpelekee Mheshimiwa, sema umegundua wewe, mimi usinitaje. Nimesikia hawakuachi upumzike. Umri wako unahitaji kulala. Nusura."

Hatua zilikuwa tisa. Nikatoa kikaratasi changu nikalinganisha. Zilezile. Mimi niliandikiwa na Gervas kwa dakika tatu za soda, yeye kazipata peke yake, gizani, bila fundi. Na ananipa bure.

Nilisoma mara mbili. Nikafikiri: nikiipeleka, laptopu itapona. Ikipona, Mheshimiwa atauliza Kitabu kinamalizwa na nani kwa haraka, na kila mtu anajua jibu. Atarudi. Atakaa hapa, kwenye jua hili, na safari hii atakuwa na mwandiko pia.

Kengele ya saa saba ikalia. Vichwa vikaanguka juu ya meza kimoja kimoja. Nikaikunja barua taratibu, nikaiweka droo ya chini pamoja na kikaratasi, nikafunga kwa ufunguo. Macho yalikuwa mazito. Nikavuta kile kishikio cha kushoto, kiti kikashuka vizuri kabisa, kama alivyosema.

Nikabonyeza.